Pikipiki ya Ghalani na Ukoo Wake

Msomaji aijuaye nchi yetu ya Kyela ajua pia kwamba chuma hakina maisha marefu huku. Mvua ya mwaka mmoja hupita milimita 2,000, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani ikiufurikisha uwanda kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. Jembe likisahauliwa nje juma moja wakati wa masika, mwenyewe akija kulichukua hulikuta limevaa nguo nyekundu. Basi habari nitakayo kuandika ni ya pikipiki iliyokaa ghalani katika nchi hii zaidi ya miaka arobaini, wala haikugeuka udongo.

Mwenyewe alikuwa baba mkubwa wangu, ambaye sasa ni marehemu. Kazi yake ilikuwa katika zahanati, naye ni yule mtu aliyeitwa zamani dresa: kufunga vidonda, kudunga sindano, kugawa dawa za malaria, na kuwafuata vijijini wagonjwa wasioweza kutembea. Wakati wa kiangazi alikwenda kwa pikipiki. Wakati wa masika, mito ikijaa, aliilaza ndani ya mtumbwi akavushwa pamoja nayo, na magurudumu yalionekana yakichungulia nje ya mtumbwi huku na huku. Mimi mwenyewe naikumbuka sauti yake tu, maana nalikuwa mtoto mdogo ilipowekwa ghalani.

Alipofariki, mama mkubwa hakutaka iguswe. Hata mwaka mmoja akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, akataja bei ya kilo. Vijana wa ukoo wakaona ni neema, kwa kuwa ghala lilikuwa dogo na mpunga mwingi. Wazee wawili wakasema ni aibu kumpima mtu kwa mizani. Maneno yakawa mengi. Nami nikaomba nipewe mpaka mavuno. Ikishindwa kunguruma mpaka hapo, na ichukuliwe. Mama mkubwa hakujibu neno, ila aliinuka akaleta ufunguo.

Nalimtafuta fundi, kijana atengenezaye bodaboda karibu na stendi, hodari sana kwa Boxer na TVS. Alipoiona alicheka. "Mwalimu," akasema, "tuitie injini ya Boxer, na jioni utaipanda." Nakiri kwamba shauri lile lilinivuta. Mshahara wa mwalimu haupendi kazi ndefu. Walakini nalimwomba kwanza tuitazame vizuri ilivyowekwa.

Tukaona mambo ya ajabu. Pikipiki ilisimama juu ya vipande viwili vya gogo, hata magurudumu hayakugusa chini. Tangi lilikuwa limemwagwa petroli yote. Mdomo wa kabureta ulifungwa kitambaa kilichopakwa grisi, na tulipofungua plagi tukakuta ndani ya silinda oili nzito kama uji. Mtu aliyefanya hayo hakuwa akiizika pikipiki yake. Alikuwa akiilaza usingizi.

Hapo nikakumbuka meli ya Ziwa Tanganyika iitwayo Liemba. Wadachi waliijenga Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, wakaifungua vipande vipande, wakaileta kwa makasha hadi Kigoma. Iliposhushwa majini Februari 1915 vita vilikuwa vimekwisha anza. Tarehe 26 Julai 1916, adui walipokaribia, mafundi waliagizwa waizamishe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Wakatii, lakini kwanza walizipaka injini grisi nyingi, maana walitumaini kuirudia. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakakuta mitambo yafaa bado, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina jipya la Liemba. Fundi yule wa Kidachi na baba mkubwa wangu hawakujuana, walakini mikono yao iliwaza wazo moja. Katika kufufua mashine, nusu ya kazi hufanywa na yule aliyeiweka, siku ile alipoiweka.

Kwa nini baba mkubwa aliilaza? Wazee walinieleza kwamba ilikuwa katika miaka ya shida baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Petroli ilikuwa haba; hata magari yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri bila kibali. Vipuri navyo havikupatikana, kwa kuwa nchi haikuwa na fedha za kigeni za kuviagizia. Tena hata kama fedha zingalipatikana, asingalijua aviagize kwa nani. Pikipiki ya mwisho ya aina ile ilitoka kiwandani mwaka 1971, na miaka miwili baadaye kampuni yenyewe ikavunjika.

Aina hiyo ni BSA Bantam. Tuliijua tulipokwangua matope na kuona namba yake, ambayo huanza kwa herufi YD. Herufi za BSA maana yake ni Silaha Ndogo za Birmingham, kwa sababu walioanzisha kampuni ile mwaka 1861 walikuwa wafua bunduki, na alama yao ilikuwa bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Bantam ya kwanza iliuzwa mwaka 1948. Ilikuwa ndogo: silinda moja ya ujazo wa sentimita 123, gia tatu, rangi ya kijani kibichi kilichofifia, na petroli yake huchanganywa na oili ndani ya tangi moja. Huko Uingereza ilichukua wapeleka simu za posta, wakulima na mafundi waendao kazini. Bei yake haikuwa kubwa, ndiyo maana ilifika hata kwa watu wa mshahara mdogo katika makoloni.

Sasa nataka kusimulia jambo lililonishangaza kuliko yote. Nalitafuta michoro ya injini ile ili nimsaidie fundi, nami katika kutafuta nikaona picha ya pikipiki ya Kidachi iitwayo DKW RT 125. Nalidhani ni Bantam, ila mpiga chapa ameigeuza picha, kwa kuwa kilichokuwa kulia kwetu kilikuwa kushoto kwao. Kumbe picha haikugeuzwa. Pikipiki ile ilibuniwa Zschopau, katika nchi ya Saxony, na fundi mkuu Hermann Weber, kabla ya Vita Kuu ya Pili kupamba moto. Wadachi waliposhindwa mwaka 1945, washindi walichukua michoro ya kazi zao kama fidia ya vita. Waingereza wakawapa BSA mchoro wa RT 125. Nao, kwa kuwa Waingereza walizoea kubadili gia kwa mguu wa kulia, wakaigeuza injini yote kama sura katika kioo. Warusi walihamisha mitambo ya kiwanda cha Zschopau, wakamchukua na Weber mwenyewe, naye akafia huko mwaka 1948. Wamarekani wakaunda yao kwa jina la Harley-Davidson. Hata Wajapani waliifuata: pikipiki ya kwanza ya Yamaha, iliyotoka mwaka 1955 na kupewa jina la utani la kereng'ende mwekundu, ni mtoto wa mchoro uleule. Basi mashine moja ikawa na watoto katika nchi za maadui na za rafiki, na kila nchi ikaandika jina lake ubavuni mwa tangi.

Sisi wa pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa hatuna haki ya kushangaa sana, maana mambo ya namna hii yalipita mbele ya macho ya babu zetu. Wadachi walijenga boma lao ufukoni, chini ya milima ya Livingstone, wakaliita Langenburg. Baadaye wakalihamishia penye baridi, Tukuyu, wakaliita Langenburg Mpya. Majeshi ya Jenerali Northey yalipoingia kutoka kusini-magharibi mwezi wa Mei 1916, jina lile lilianza kufa, na leo mtoto wa shule hulisikia kama jina la kitabuni tu.

Na stima yao pia. Iliitwa Hermann von Wissmann, na fedha zake zilichangwa Udachini kwa ajili ya kuipinga biashara ya watumwa. Vipande vyake vilipandishwa kwa mito ya Zambezi na Shire, na penye maporomoko vikachukuliwa na wapagazi. Ikaunganishwa, ikaingia ziwani mwaka 1893. Agosti 1914 stima ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, ambako Wadachi walikuita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe lenye umbo la sanamu ya Misri. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa nahodha Mwingereza, Rhoades, wa meli Gwendolen. Tarehe 13 ya mwezi ule Rhoades akaja akapiga mzinga. Berndt, ambaye habari ya vita ilikuwa haijamfikia, alishuka katika mashua ndogo akamwendea rafikiye kwa hasira kumwuliza ana nini, akaambiwa kwamba sasa yu mfungwa wa vita. Kisha Rhoades akaondoa vyuma vya lazima katika injini ya stima ile, akaenda navyo. Wadachi walianza kuitengeneza. Mei 1915 Waingereza wakarudi wakaiharibu mara ya pili. Mwisho waliifufua wao wenyewe, wakaipa jina la mfalme wao, George.

Naandika hayo si kwa kupenda habari za meli, ingawa nazipenda. Naandika kwa sababu katika habari zote hizo, za stima na za pikipiki, twajua majina ya nahodha, ya mbunifu, ya jenerali na ya mfalme. Wale waliobeba vyuma vya stima vichwani kando ya maporomoko ya Shire, hakuna ajuaye majina yao. Wala mafundi weusi walioziweka hai mashine hizi miaka na miaka, bila vipuri, hawamo katika kitabu chochote nilichokisoma. Kazi yao imo mahali pamoja tu, yaani katika mashine zenyewe. Mashine ikiyeyushwa, au ikitiwa injini ya Boxer, habari hiyo yafutika.

Hayo sikuyajua tulipoanza. Nalifundishwa na pikipiki.

Kazi ya kwanza ilikuwa pistoni, ambayo iligandamana na silinda pamoja na oili ile yote. Tulimimina dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, tukangoja. Siku ya tatu fundi alitaka kutumia nyundo, nikamsihi. Siku ya tisa aliweka kipande cha mti laini juu ya pistoni, akagonga polepole kama mtu abishaye hodi kwa mkwewe, nayo ikashuka upana wa ukucha. Alipiga yowe hata watu wa stendi wakaja.

Tulipoiinua silinda ndipo nalipoona karatasi. Kati ya silinda na mwili wa injini hukaa karatasi ngumu ya kuzuia hewa isipite, na katika injini ya namna hii jambo hilo ni kubwa, maana tumbo la injini lenyewe huvuta na kusukuma mchanganyiko wa petroli; likivuja hewa, injini haiwaki. Fundi alilijua hilo vema, maana hutengeneza pia misumeno ya kupasulia mbao, ambayo huenda kwa namna iyo hiyo. Alikuwa tayari amekwisha inua kisu aikwangue ile karatasi, nami nikaona maandishi. Baba mkubwa alikuwa ameikata kwa mkasi katika kadi ya zahanati. Oili ilikuwa imeigeuza rangi ya kahawa, lakini wino ulisomeka, katika mwandiko wake uliolala upande wa kulia: kutwa mara tatu.

Nalikaa chini. Fundi akauliza kama naumwa.

Tangu hapo tuliifungua mashine kwa macho mengine. Mpira wa kiki ulikuwa kipande cha tairi la gari, kimekatwa na mshona makubazi, na misumari yake ni ile ya makubazi. Mkono wa klachi ulikuwa wa pembe ya ng'ombe, umechongwa ukalainishwa hata ukakaa vizuri katika vidole kuliko wa chuma. Katika uma wa mbele, mahali pa bushi ya shaba iliyolika, tulikuta bushi ya mti mgumu uliolowekwa katika mafuta. Na ekzosi ilikuwa imetobolewa na kutu zamani, ikazibwa kwa bati la debe la mafuta ya taa, likafungwa kwa waya mara kumi na mbili. Tulizihesabu.

Hapo likazuka swali lililotugombanisha fundi na mimi, nalo ni hili: kuifufua pikipiki ni kuirudisha wapi? Huko Ulaya wako watu wapendao pikipiki za kale, nao wengi huzirudisha hata zikafanana na siku zilipotoka kiwandani. Rangi ileile, hata vichwa vya skrubu huvigeuza vitazame upande mmoja. Siwalaumu. Lakini pikipiki hii ilikaa Birmingham siku chache, na Kyela umri wote. Nikiirudisha kiwandani, namwondoa baba mkubwa. Fundi naye alikuwa na hoja yake: bushi ya mti haitadumu katika mashimo ya barabara zetu, na uma ukivunjika nitakufa mimi, wala si historia. Alisema kweli. Tukapatana kwamba kilicho cha usalama kiwe kipya, na cha kale kihifadhiwe. Kisicho cha usalama kibaki kama alivyokiacha mwenyewe. Bushi ikachongwa ya shaba. Mkono wa pembe ukabaki.

Mengine nayapita upesi. Tangi tulilitia mnyororo mdogo, kokoto na mafuta ya taa, tukawapa watoto walitikise kwa zamu mpaka kutu ya ndani ikatoka. Kabureta ilikuwa imejaa gundi ya petroli ya kale; vitundu vyake tulivizibua kwa unywele wa brashi, maana waya huvipanua. Magneto iliyochukua unyevu tuliianika juani siku nne, na vile vidole viwili vya chuma vinavyozaa cheche tulivisugua kwa msasa laini kabisa. Pete za mpira zizuiazo hewa pande mbili za krenki zilikuwa zimekauka kama mbao. Tulizipima, nami nikazipata Mbeya katika duka la beringi. Tairi zilitutesa kuliko vyote, kwa sababu magurudumu ni ya inchi 19 na ya bodaboda za siku hizi ni 17. Karatasi mpya ya chini ya silinda nalikata mimi, katika jalada la daftari la mahudhurio ya darasa langu lililokwisha jaa. Ile ya kale iko kati ya vioo viwili, nyumbani.

Ekzosi nayo tuliikosea. Fundi alisema ile yenye bati haifai hata kutazamwa, nami nalikuwa nimechoka kubishana. Alitengeneza mpya, akaitupa ya kale katika rundo la vyuma.

Yapata juma moja kabla ya mavuno, alfajiri, ikawaka. Fundi alipiga kiki mara nyingi nisizozihesabu, kisha ikanguruma, moshi wa samawati ukajaa ua wote, kuku wakakimbia. Vijana waliotaka kuiuza walikuwa wa kwanza kuomba waipande. Nalitazama mlango wa mama mkubwa. Haukufunguka. Baadaye mjukuu wake akaja akatuambia kwamba bibi anauliza ni bodaboda ya nani hiyo ipigayo kelele mapema.

Nalirudi kwa fundi mchana nikamwuliza iko wapi ekzosi ya kale. Akaniambia kwamba mnunuzi wa vyuma amepita jana. Nalimfuata, nikamkuta bado hajasafirisha shehena yake, nikaitafuta katika rundo hata nikaiona kwa zile nyaya kumi na mbili. Alinipimia kwa mizani ileile, nami nikalipa kwa kilo.

Tuliifunga jioni ile. Sauti ikawa nyingine kabisa: ilikohoa mara mbili, ikanyamaza kidogo kama mtu anayekumbuka jambo, kisha ikashika mwendo kwa sauti nene ya kukwaruza. Mlango ukafunguka. Mama mkubwa alitoka na khanga yake mabegani, akasimama barazani, akasema, "Ndaga," tena, "ndaga fijo." Kisha akarudi ndani, nasi tukadhani basi. Lakini alitoka tena na ukanda wa ngozi, mkavu kama mfupa, akaja mpaka penye pikipiki, akamwonyesha fundi alama mbili za mchubuko juu ya kichukuzi cha nyuma, ambazo nalidhani ni kutu, na ambazo nalikuwa nimemwagiza azisugue kesho yake.

"Mfuko wa dawa," akasema, "hufungwa hapa, na hapa."